Springi Mbili, Mzega Mmoja

Mtu wa pwani akifika Kericho na Bomet husifu ubaridi na vilima vya chai. Mimi, ndugu msomaji, jicho langu lilivutwa na migongo ya magari. Huko jani la chai halingoji mtu. Likishachumwa sharti lifike kiwandani siku ile ile. Likilala limeshindiliwa hupata moto likaharibika. Basi gari hupakiwa hadi pomoni, likapita njia za udongo zilizochimbwa na mvua. Zinazolipa ni springi za nyuma.

Kwa mwenyeji wangu upande wa Litein palikuwa na pikapu kuukuu, Peugeot 504, iliyoinamia kushoto kama jahazi lililopakiwa vibaya. Springi zake ni mabamba ya chuma yaliyopandana, yamepinda mfano wa upinde. Bamba moja la kushoto lilikuwa limekatika. Kijana wa nyumbani akataka kubadilisha upande huo tu, aokoe fedha. Fundi jirani, mzee wa Kikipsigis, akakataa katakata.

"Mwanangu, mpya na kuukuu hazibebi sawa. Gari litainamia upande wa pili, na penye kona litayumba."

Nikaukumbuka mzega wa wachukuzi wetu wa maji: debe moja likiwa nusu, safari haiendi.

Kazi ilifanyiwa uani. Usiku wake nati zenye kutu zilitiwa mafuta. Asubuhi magurudumu ya mbele yakazuiwa kwa mawe, kwani breki ya mkono hushika ya nyuma, nayo yakiinuliwa haizuii kitu. Gari likainuliwa kwa jeki, kijana akataka kuingia chini papo hapo. Mzee akamshika mkono: jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea uhai. Akaweka kwanza stendi za chuma chini ya fremu, kisha jeki ikashika ekseli, isije ikaning'inia ikakata mpira wa breki. Ama kweli, kutawakali hakuzuii tahadhari.

Ndipo zikafunguliwa bolti zifungazo springi na ekseli, kisha za ncha zote mbili. Springi mpya ikaingia, kichwa cha bolti ya katikati kikakaa barabara tunduni mwake. Upande mmoja ulipokwisha, ukashikwa wa pili. Bolti za nchani hazikukazwa kabisa mpaka gari liliposimama chini kwa uzito wake, bushi za mpira zisije zikajisokota. Za ekseli zilikazwa tena baada ya siku chache za mwendo.

Mwenyeji akauliza: je, tukiongeza bamba moja, si tutapakia zaidi? Mzee akacheka. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, kishindo huhamia kwenye fremu, na fremu ikipasuka gharama yake si ya springi tena.

Nasi tupakiao nazi na samaki, hilo latuhusu. Rahisi huvunja upishi. Na mzigo ulioelemea upande mmoja haumwelemei dereva peke yake, bali na wote waliopanda pamoja naye.