Motokaa Ikitetemeka Baada ya Kutengenezwa

Hakuna jambo limsikitishalo mwenye motokaa ya zamani kama hili: amenunua plagi mpya na pointi mpya, amelipa ujira wa fundi, kisha motokaa yarudi nyumbani ikiwa mbaya kuliko ilivyokwenda. Njiani yakimbia vizuri, lakini ikisimama injini hutetemeka, hukohoa, na mara huzimika. Wengi hapo huirukia kabureta na kuzungusha kila skrubu waionayo. Kosa moja dogo hugeuka kuwa makosa matano, na fedha iliyowekwa kwa karo ya mtoto huishia gereji.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Injini iliyoanza kutetemeka baada ya kutengenezwa yapasa kukaguliwa kwanza pale mkono wa fundi ulipopita. Tuchukue mfano wa Morris Minor 1000 yenye injini ya sentimita za ujazo 948, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1956 hata 1962.

Kwanza ni umeme. Silinda nne za motokaa hii huwaka kwa zamu ya 1, 3, 4, 2, na silinda ya kwanza ndiyo iliyo karibu na rejeta. Nyaya za plagi zapaswa kufuatana hivyo katika distributa, kinyume cha mwendo wa saa. Ili kuijua silinda iliyo mvivu, zima injini, vua waya mmoja, uuweke mbali, kisha washa tena. Waya ambao kuvuliwa kwake hakuleti tofauti yo yote ndio unaoonyesha silinda mbovu.

Kisha pima nafasi ya pointi zinapokuwa wazi kabisa: iwe inchi 0.015. Ikumbukwe kwamba nafasi hiyo ikibadilika, wakati wa cheche nao hubadilika. Ikipungua, cheche huchelewa, ikizidi, huwahi. Kwa hiyo, aliyetia pointi mpya bila kupanga upya wakati wa cheche ameiacha kazi nusu.

Pili ni hewa. Gasketi iliyokaa vibaya chini ya kabureta, au bomba jembamba la distributa lililochomoka, huingiza hewa isiyopimwa. Injini ikizunguka polepole huvuta hewa kidogo tu, ndiyo maana hata ufa mdogo huidhuru. Ikienda kasi ubaya huo hufichika. Injini ikiwa inazunguka, dondosha oili nyepesi kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, ufa upo hapo. Usitumie petroli kwa kazi hii, maana itawaka moto; na mikono iwe mbali na feni.

Tatu ni vali. Zipimwe injini ikiwa baridi, nafasi yake inchi 0.012. Kuna hesabu rahisi: vali zote ni nane, na jumla iwe tisa daima. Vali ya 1 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 8. Ya 3 ikifunguka, pima ya 6. Jambo hili si la kupuuzwa. Vali iliyobanwa mno haifungi sawasawa, na ile ya kutolea moshi huungua. Hapo gharama si ya gasketi tena, bali ya kufungua kichwa cha injini.

Mwisho kabisa ndipo iguswe kabureta ya SU. Ukiwa umezima injini, inua pistoni yake na kuiachilia: yapasa kuanguka kwa mlio wa wazi. Kisha, injini ikiwa moto na inazunguka, inua pistoni hiyo kidogo sana, kama milimita moja. Mwendo ukiongezeka na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kufa, petroli ni haba. Ukiongezeka kidogo kisha ukatulia, ni sawa. Nati ya jeti yenye pembe sita izungushwe pembe moja tu kwa mara moja, kisha ijaribiwe tena.

Katika kazi yote hii, mwenye motokaa awe na karatasi na kalamu, aandike kila alichobadilisha na kilivyokuwa kabla. Abadilishe jambo moja, asikilize, ndipo aende kwa la pili. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja, hata injini ikipona hatajua ni dawa gani iliyoiponya, na siku ugonjwa utakaporudi ataanza tena gizani.