Meli Iliyopita Kilosa Ndani ya Makasha

Huenda mwanafunzi wa Kilosa au Mikumi akadhani kwamba historia ya meli ni habari ya watu wa pwani na wa maziwa tu. Lakini iko meli moja mashuhuri iliyopita katika bonde la mto Mkondoa, si kwa kuelea majini, bali kwa garimoshi. Meli hiyo ni Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo hapo awali iliitwa Graf von Götzen. Katika makala haya tutaeleza jinsi ilivyofikishwa ziwani, ilivyotumika vitani, na kwa nini haikuangamizwa na kutu ingawa ilizama chini ya maji.

Safari ya reli

Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, wala hakuna mto ambao meli kubwa yaweza kuupanda kutoka baharini hadi huko. Kwa hiyo meli ya ziwani haina budi kujengwa ziwani. Graf von Götzen, meli ya mizigo na abiria yenye urefu wa karibu mita 70, ilitengenezwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer Werft, mjini Papenburg, Ujerumani. Sehemu zake ziliunganishwa kwanza kwa bolti ili kuhakikisha kwamba zinapatana. Kisha zilifunguliwa, zikatiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam.

Kutoka hapo makasha yalifuata reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, na ikafika Kigoma mwaka 1914. Njia hiyo, yenye urefu wa karibu kilomita 1,250, hupita Kilosa, kisha hufuata bonde la Mkondoa kuelekea Dodoma.

Huko Kigoma, mafundi watatu wa Kijerumani wakiongozwa na Anton Rüter, pamoja na wafanyakazi wengi wa Kiafrika, waliziunga tena sehemu hizo. Safari hii walitumia ribiti badala ya bolti. Ribiti hutiwa tunduni ikiwa nyekundu kwa moto, na ncha yake hugongwa mpaka ikapanuka. Inapopoa husinyaa, ikayavuta mabamba mawili yakabanana barabara, maji yasipate njia.

Vita na kuzamishwa

Meli iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza imekwisha kuanza. Badala ya biashara, ikawa chombo cha vita. Ilipakia askari na shehena kati ya Kigoma na Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo.

Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliikaribia Kigoma. Wajerumani hawakutaka meli itekwe, lakini pia walitumaini kuirudia. Kwa hiyo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakaizamisha tarehe 26 Julai 1916. Mwezi uliofuata Kilosa nayo iliangukia mikononi mwa majeshi ya Waingereza.

Wabelgiji waliiopoa meli hiyo, lakini ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta mashine zake zingali zafaa. Ilirudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya la Liemba.

Kwa nini haikuliwa na kutu?

Chuma hupata kutu kinapokutana na maji pamoja na oksijeni. Grisi ilikuwa kama ngozi iliyoyazuia yote mawili yasifike kwenye chuma. Tena, maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari. Chumvi huharakisha kutu kwa sababu huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu ni tendo la kikemia linaloambatana na mwendo wa umeme mdogo ndani ya chuma. Aidha, maji ya ziwa hilo yana hali ya ualkali, jambo ambalo hupunguza kasi ya kutu.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani. Chukua misumari mitatu mipya. Mmoja utie katika glasi ya maji ya kawaida, wa pili katika maji ya chumvi, na wa tatu upakwe grisi kila upande kisha utiwe pia katika maji ya chumvi. Wanafunzi waichunguze kila siku kwa muda wa majuma mawili na kuandika wanayoyaona.

Faida ya meli hiyo

Katika miaka ya 1970 mashine za mvuke ziliondolewa na mahali pake zikafungwa za dizeli. Mwaka 1997 Liemba ilirudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 iliwaokoa wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga. Hivyo chombo kilichoanza kazi kwa kubeba askari kimebeba pia watu waliokimbia vita.

Lakini meli ya ziwani hutegemea reli inayoiletea mizigo na vipuri. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 yalipoikata njia kati ya Kilosa na Gulwe, ilidhihirika kwamba bandari ya Kigoma yaweza kudhurika kwa mvua iliyonyesha mbali nayo. Kwa hiyo kuhifadhi misitu ya milima inayolisha mto Mkondoa si faida ya Kilosa peke yake. Ni faida pia ya wale wanaosafiri katika Ziwa Tanganyika.