Chanzo cha Hekalu la Eiheiji na Mazingira Yake katika Jimbo la Echizen

1. Utangulizi

Hekalu la Eiheiji, lililo milimani katika mkoa wa Fukui nchini Japani, mara nyingi huelezwa kuwa ni makimbilio ya mtawa mmoja aliyeyapa mji na mambo yake kisogo. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hekalu hilo lilisimama juu ya nguvu tatu zilizokuwapo mashambani kabla yake: mwenye ardhi, watawa wa jimbo lile, na mlima.

2. Kutoka Kyoto

Dōgen alizaliwa mwaka 1200 katika jamaa ya makabaila wa Kyoto. Kati ya mwaka 1223 na 1227 alisoma China, akarudi na mafundisho ya Zen ya madhehebu ya Sōtō, ambayo kiini chake ni kuketi kimya na kutafakari. Mwaka 1233 alianzisha hekalu la Kōshōji kando ya mji mkuu. Mwaka 1243 aliliacha, akaenda Echizen. Wanahistoria hawakubaliani juu ya sababu. Baadhi hutaja uadui wa watawa wa Tendai wa Mlima Hiei. Wengine hutaja Tōfukuji, hekalu kubwa la Zen lililokuwa likijengwa jirani kwa mali ya ukoo wa Kujō.

3. Nguvu tatu za Echizen

Ya kwanza ni ardhi. Hatano Yoshishige, samurai aliyesimamia shamba kuu la Shihi chini ya serikali ya kijeshi ya Kamakura, ndiye aliyemkaribisha Dōgen na kumpa mahali pa kujenga. Kwa hiyo msitu ule haukuwa nje ya utawala: mwaka 1247 Dōgen mwenyewe alisafiri mpaka Kamakura, akarudi mwaka uliofuata.

Ya pili ni watu. Tangu mwaka 1241 Dōgen alikuwa amepokea kundi la watawa kutoka Hajakuji, hekalu la kale la Echizen, miongoni mwao Ekan na Gikai. Kwao safari ya kaskazini haikuwa uhamisho, bali ni kurudi nyumbani.

Ya tatu ni mlima. Hakusan, wenye urefu wa mita 2,702, uliabudiwa zamani sana kabla ya Zen. Heisenji, mlango wa mahujaji wa mlima huo, kwa mapokeo lilianzishwa na Taichō mwaka 717. Dōgen hakuikuta nchi tupu; alikuta nchi iliyokwisha kuwa takatifu.

4. Jina na majaribu

Hekalu lilifunguliwa mwaka 1244 kwa jina la Daibutsuji. Mwaka 1246 likaitwa Eiheiji, yaani hekalu la amani ya milele. Jina hilo lilitokana na enzi ya Yongping ya China (58–75), ambamo, kwa mapokeo, dini ya Budha iliingia nchi hiyo. Hivyo bonde dogo la Echizen lilijitangaza kuwa mwanzo mpya. Mwaka huohuo Dōgen aliandika kanuni za watumishi wa hekalu, akimhesabu hata mpishi kuwa mwenye kazi ya dini.

Dōgen alifariki mwaka 1253 huko Kyoto, alikokwenda kutafuta matibabu. Ejō, aliyemrithi, alihifadhi na kunakili maandishi yake. Baadaye ugomvi juu ya uongozi wa Gikai uliwagawa watawa, na hekalu likadhoofika. Giun, aliyeshika uongozi mwaka 1314, ndiye aliyeliinua tena, na aliyemwita ni ukoo uleule wa Hatano. Kengele iliyosubiwa mwaka 1327 ingalipo. Majengo ya hekalu yaliteketea kwa moto mwaka 1473.

5. Hitimisho

Mwanzilishi alileta mafundisho, lakini mafundisho hayali wala hayajijengei paa. Palipokosekana maelewano kati ya watawa, hata jina la Dōgen halikutosha kuliokoa hekalu. Lilipona pale uhusiano na wenye nchi ulipofufuliwa. Anayetaka kuijua historia ya Eiheiji hana budi kulisoma bonde zima, si hekalu peke yake.