Likizo ya nje na watoto: Lazima iwe Dubai?

Ikifika Novemba, mazungumzo ya wanandoa wengi vijana yanabadilika. Likizo imeshaombwa ofisini, na mwenzako anakuuliza kitandani: "Mwaka huu tunakwenda wapi?" Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mmoja anataka Dubai, maana wenzake wa kazini wote wamepiga picha chini ya Burj Khalifa. Mwingine anasema mama yake yuko Vuga, hajawaona wajukuu tangu mwaka juzi, na roho haitamkalia sawa akila raha ughaibuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 tu. Ukizigawa mara mbili, kila upande unanung'unika.

Tuambiane ukweli, mpenzi msomaji. Mtoto wa miaka minne hajui Dubai ni nini. Akishatimiza miaka miwili anakatiwa kiti chake kwenye ndege, kwa hiyo familia ya watu wanne ni tiketi nne, halafu siku ya pili anakuuliza lini mnarudi nyumbani. Kama safari ni kwa ajili ya picha, sawa, semeni hivyo mjue. Lakini kama mnataka watoto waone nchi ya watu na mama asiachwe, basi nendeni Vuga kwanza, na kutoka Vuga mteremke Mombasa. Mama naye mwende naye.

Najua wengine mmeguna. Mombasa nayo nje? Ndiyo, bwana! Kuna mpaka, kuna muhuri, kuna pesa nyingine. Na njia hiyo ni kongwe kuliko mpaka wenyewe. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848 akitokea upande wa Mombasa, kwa miguu, kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa. Mwaka 1852 akarudi tena. Wakati huo hakukuwa na Kenya wala Tanzania. Waingereza na Wajerumani walianza kugawana eneo hilo mwaka 1886. Watoto watapenda zaidi habari za Mbegha, yule mwindaji wa nguruwe aliyegawa nyama mpaka watu wakamfanya mtawala wao. Mwachieni bibi awasimulie usiku, yeye anaijua kuliko ninyi.

Sasa tuje kwenye mama mkwe, maana najua hapo ndipo penye kazi. Kabla hamjamwambia lolote, kaeni wawili mkubaliane mambo matatu: nani anamlipia, analala wapi, na kwamba hakuchukuliwa ili awe yaya wa bure. Mpeni chumba chake. Mwombeni jioni moja tu abaki na watoto, ninyi mkatembee wawili ufukweni, na mumwombe kwa heshima, siyo kumwachia mtoto mlangoni. Na wewe ambaye mama ni wako, kazi ya kumwambia mama "hapana" ni yako. Usimtume mwenzako. Ndoa nyingi zinachubuka safarini kwa jambo hilo dogo.

Makaratasi yaanze mapema, Septemba si mapema mno. Kila mtoto anahitaji pasipoti yake, hata mchanga, na kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha RITA kiwe tayari. Wazee wengi hawana cheti hicho, kwa hiyo waulizeni Uhamiaji mapema bibi atatumia nini badala yake. Viza Mtanzania haihitaji kuingia Kenya. Bebeni kadi za chanjo ya homa ya manjano. Mtoto huanza kuchanjwa akiwa na miezi tisa. Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake.

Safari yenyewe ni ya kutwa nzima. Kutoka Soni hadi Mombo ni kona tupu, hivyo msiwashibishe watoto chai ya maziwa asubuhi hiyo. Wapeni mkate mkavu, wekeni mifuko ya karatasi na kanga ya akiba karibu. Nunueni plamu na peasi hapo Soni kama ni msimu wake. Kisha Korogwe, Segera, Tanga, na kilomita kama 65 mpaka Horohoro. Ng'ambo ni Lunga Lunga, na kutoka hapo zimebaki takribani 100 kufika Likoni.

Feri ya Likoni ndiyo watakayoisimulia shuleni. Mtembea kwa miguu halipi. Lakini washikeni mikono, na wenye gari vuteni breki ya mkono na mtoe watoto ndani. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri hiyo likazama na mama na binti yake.

Mjini msijaze ratiba. Sehemu moja kwa siku inatosha. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, nendeni asubuhi kabla jua halijawaka; watoto watataka mizinga, si maelezo. Haller Park kule Bamburi ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, yakaanza kupandwa mivinje mwaka 1971. Hapo ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamng'ang'ania kobe mzee aitwaye Mzee kama mama yake. Jioni, mihogo ya kukaanga, viazi karai na mabuyu. Hapo bibi hatahitaji mkalimani, ila atacheka akisikia daladala ikiitwa matatu.

Neti msisahau. Vuga ni baridi, mbu ni wachache. Pwani ni habari nyingine. Mtoto akipata homa baada ya kurudi, hata wiki mbili baadaye, mpelekeni akapime malaria na mmwambie daktari mlikuwa pwani.

Mkirudi, msikimbilie Vuga siku hiyohiyo. Laleni Tanga. Mapango ya Amboni yako njia ileile ya Horohoro, nje kidogo ya mji, na tochi moja inatosha kuwafanya watoto wasahau uchovu. Bibi aamue mwenyewe kama anaingia au anabaki nje na soda yake.