Mkristo Anadaiwa Sikukuu za Wayahudi?

Nafundisha kipaimara katika usharika mmoja wa Kilutheri hapa Moshi, na swali ninaloulizwa sana siku hizi halihusu Utatu wala ubatizo wa watoto wachanga. Vijana wanataka kujua kwa nini hatuzishiki sikukuu za Walawi 23: Pasaka, Majuma, Baragumu, Siku ya Upatanisho, Vibanda. Wamesikia mhubiri redioni akisema hizo ni sikukuu za Bwana, na kwamba Kanisa lilizitupa kumfurahisha Kaisari Konstantino.

Siwakemei. Yesu alizishika. Yohana 7 anamweka Hekaluni wakati wa Vibanda, na sura ya 10 inamkuta huko huko kwenye Kutabaruku, yaani Hanukka, ambayo hata haimo katika Walawi. Paulo yule yule aliyewakaripia Wagalatia kwa kushika siku na miezi, tunamwona katika Matendo 20 akikazana afike Yerusalemu kabla ya Pentekoste.

Habari ya Konstantino ni nusu kweli. Ubishi ulikuwapo muda mrefu kabla yake. Makanisa ya Asia Ndogo yalifanya Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa Nisani, sawa na Wayahudi, iangukie siku yoyote ya juma. Roma ilingoja Jumapili. Yapata mwaka 155, Polikarpo wa Smirna, aliyekuwa mzee, alisafiri mpaka Roma kuzungumza na Askofu Aniseto. Walishindwa kukubaliana, wakashiriki meza ya Bwana pamoja, wakaagana kwa amani. Baadaye Askofu Vikta wa Roma alitaka kuwatenga wote wa Asia, na Irenei wa Lyon, ambaye mwenyewe alifuata Jumapili, akamwonya aache. Laiti tungeishia hapo! Mkutano wa Nikea, mwaka 325, ukaamua Jumapili kwa wote, tena bila kutegemea hesabu ya kalenda ya Wayahudi. Ndiyo maana mwaka 2024 sisi tulifanya Pasaka Machi 31, Wayahudi wakaianza jioni ya Aprili 22.

Ila barua ya Konstantino baada ya Nikea imejaa dharau kwa Wayahudi. Mwaka 386, kule Antiokia, Yohane Krisostomo aliwahubiria Wakristo waliokwenda sinagogi kwenye Baragumu na mifungo, kwa matusi ambayo Wanazi walikuja kuyatumia. Kwa hiyo sipendi kijana anijibu kwamba hatuzishiki kwa sababu Kanisa lilikataa. Lilikataa kwa mdomo mchafu.

Sababu yangu ni nyingine. Kumbukumbu la Torati 16 linataka mnyama wa Pasaka achinjwe mahali pale Mungu atakapopachagua, na Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Tangu hapo marabi waliijenga upya ibada ya nyumbani, ile Seder yenye vikombe vinne vya divai na maswali ya watoto. Mkristo anayeiiga akidhani ameketi kwenye meza ya Yesu, kwa sehemu kubwa anaiga mpangilio uliokamilika baada ya Yesu. Siku ya Upatanisho nayo ilihitaji kuhani mkuu na mbuzi wawili. Waraka kwa Waebrania unasema kazi hiyo imekwisha kufanywa, mara moja. Ndiyo maana Wakolosai 2 hairuhusu mtu ahukumiwe kwa sikukuu.

Lakini hairuhusu pia anayeshika achekwe. Kanisa la Ethiopia huheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili. Mtaguso wa Debre Mitmaq ulilithibitisha hilo mwaka 1450, na hakuna mwenye akili atakayesema Waethiopia si Wakristo. Wasabato, majirani zetu, wanashika Jumamosi, ila sikukuu za mwaka wanaziacha kama sisi.

Kinachonichosha ni wanaochagua. Januari ikifika, muumini anaambiwa alete mshahara wote wa kwanza kuwa malimbuko. Malimbuko ya Walawi 23 ni mganda wa mavuno, unaoletwa majira ya Pasaka, shayiri inapoiva. Wengine hutumia Kumbukumbu 16 kusisitiza kwamba mtu asije mbele za Bwana bila kitu, na sura hiyo hiyo inaagiza mtumishi, mgeni, yatima na mjane washerehekee pamoja nawe. Bado sijamsikia mhubiri wa malimbuko akiwaita wajane waje kula. Wala sijamwona akilala kibandani siku saba.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kufunga Siku ya Upatanisho, funga, ila usimwite jirani yako mwasi kwa kuwa amekula ugali. Ukialikwa Seder na familia ya Kiyahudi, nenda kama mgeni, usikilize. Na ukidaiwa fedha kwa jina la sikukuu hizi, isome kwanza Walawi 23 yote, mwanzo hadi mwisho, kabla hujafungua pochi.