Kinachopakwa Juu ya Mkate

Mgonjwa wa kisukari anapoulizwa kliniki amekula nini asubuhi, mara nyingi hujibu: chai na mkate. Mhudumu huandika, kisha hupita. Kilichopakwa juu ya mkate hakiulizwi, ilhali pengine ndicho kilichostahili swali.

Jamu ni matunda yaliyopikwa na sukari nyingi. Kijiko kikubwa kimoja huweza kubeba gramu 12 za sukari, sawa na vijiko vitatu vya chai. Asali, ambayo wengi huipa heshima ya dawa, haina unafuu kwa mgonjwa huyu: takribani asilimia 80 ya uzito wake ni sukari. Tena mtoto aliye chini ya miezi 12 asirambishwe asali hata kidogo, kwa kuwa inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambavyo huota katika utumbo wake mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Siagi ya maziwa ni mafuta kwa asilimia 80 hivi, na zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha lehemu katika damu. Majarini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na Hippolyte Mège-Mouriès ili kuwa siagi ya bei nafuu. Ubora wake hutegemea namna mafuta yake yalivyogandishwa. Pale lebo inapotaja mafuta yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni, ni heri kuiacha dukani, kwani njia hiyo huzalisha mafuta yenye madhara makubwa zaidi kwa moyo.

Siagi ya karanga isiyotiwa sukari inastahili sifa: robo ya uzito wake ni protini, na mafuta yake mengi ni ya aina iliyo rafiki kwa moyo. Kwa asiye na mzio wa karanga ni chakula chema. Hatari yake haimo katika karanga yenyewe bali katika kuvu, hasa Aspergillus flavus, anayestawi shambani wakati wa ukame na ghalani penye unyevu. Kuvu huyo hutoa sumukuvu iitwayo aflatoksini. Ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga, na leo inajulikana kuwa chanzo cha saratani ya ini.

Kukaanga hupunguza sumu hiyo, lakini hakuimalizi. Kinga ya nyumbani ni kuchambua kabla ya kukaanga: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu na zilizopasuka zitupwe, wala wasilishwe kuku. Baada ya kusagwa hakuna jicho litakaloitambua karanga mbovu, na kishawishi cha kupeleka mashineni zile zisizouzika sokoni si kidogo.

Mwenye virusi vya homa ya ini B yumo hatarini zaidi, kwa kuwa virusi na aflatoksini huongezeana nguvu katika kuleta saratani. Anayemshauri mgonjwa huyo asiishie kwenye pombe. Aulize pia karanga anazokula zinasagwa wapi, na nani amezichambua.