Nilimpandisha mchumba wangu Kitonga kwa baiskeli

Mpenzi msomaji, vijana wa Dar wakisema "kitonga" wana maana ya mteremko, kitu cha dezo. Mimi nimezaliwa Ilula, juu ya mlima wenyewe, na nakuhakikishia neno hilo lilitungwa na mtu aliyekuwa anashuka.

Wazo lilikuwa la mchumba wangu. Aliona picha za watu wanaopanda ndege hadi Mallorca, kisiwa cha Hispania kwenye bahari ya Mediterania, kwenda tu kuendesha baiskeli. Kuna barabara huko inaitwa Sa Calobra, inajikunja kama utumbo kutoka milimani mpaka baharini. Unashuka kwanza kwa raha zako, halafu kurudi ni lazima uupande mlima uleule. Akaniambia, "Na sisi kwa nini tusifanye?" Nikamwambia nauli ya Mallorca sina, ila Kitonga ninao. Na kwa kuwa mshenga alishapeleka barua, na wazee walikuwa wamemwita waonane uso kwa uso, tukakubaliana twende ukweni kwa baiskeli. Mama aliposikia kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mabasi ya Mbeya yamegoma.

Tusidanganyane, hatukutoka Dar tunapiga pedeli. Baiskeli zililala kwenye buti la basi mpaka Ruaha Mbuyuni. Nawe fanya hivyohivyo, maana barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na pale tembo hana habari kwamba wewe upo fungate. Tulifika jioni, tukalala gesti, kila mtu chumba chake (mama, kama unasoma, ndivyo ilivyokuwa).

Alfajiri tukaanza. Mbuyuni ni bondeni na joto lake si la mchezo, kwa hiyo saa mbili asubuhi ikukute umeshasogea. Kipande hiki ndicho kitamu kuliko vyote. Mibuyu imejaa kila upande, vitunguu vimerundikwa kando ya barabara, na mto unakuja karibu, unapotea, unarudi tena. Mchumba wangu alikuwa mbele anapiga mluzi. Baiskeli yake ina gia 21, kofia ngumu, miwani, glovu. Bishoo kamili! Yangu ni mtumba wa Kijapani wenye gia sita, na mbili kati ya hizo hazishiki.

Tulipopita Mtandika mluzi ukaanza kupungua. Kisha mlima wenyewe ukasimama mbele yetu.

Kitonga si mrefu kama watu wanavyoutangaza, ila ni mkali na mwembamba. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo, na katikati malori. Barabara hii ya TANZAM ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Zambia ikitafuta njia ya kufika baharini bila kupitia Rhodesia. Haikujengwa kwa ajili ya wapenzi wenye baiskeli. Malori ya kupanda yananguruma kwa mwendo wa mtu anayetembea, ya kushuka yananuka breki. Ukiona matawi ya miti yametandazwa barabarani, ujue mbele kuna gari limeharibika, toka pembeni mapema.

Mimi nilishuka kwenye kona ya pili, nikaanza kusukuma. Sikuona aibu. Tangu mtoto nimewaona wanaume wa kwetu wakisukuma baiskeli za matenga ya nyanya kwenye kila kilima, wanapanda juu ya siti pakiwa tambarare tu. Lakini mwenzangu akakataa. Mwanaume hashuki! Akawa anayumba kama mlevi, jasho linamchuruzika, gia zote 21 zimemwishia. Lori la mafuta likaja nyuma, likapiga honi, akayumba kulia badala ya kushoto. Niliona tairi la lile lori likipita pembeni ya goti lake, pengine nafasi ya kiganja.

Nilimfokea. Mpenzi msomaji, sikumbuki vizuri nilichosema, ila najua nilimwambia nimechoka kuishi na mtu anayeogopa kuonekana ameshindwa. Alitupa baiskeli kwenye majani, akakaa juu ya jiwe, na mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Akasema, "Kazi sina."

Nikadhani sijasikia. Mkataba wake uliisha miezi miwili nyuma na haukuongezwa. Kila asubuhi alikuwa anavaa shati, anaondoka, anashinda kwa rafiki yake Sinza. Alitaka afike kwetu, aongee na baba kama mwanaume mwenye mshahara, mahari ipangwe, mengine yatajulikana mbele ya safari.

Ningekuwa Dar ningeita bodaboda nikaenda kwa shosti yangu kulia. Kitonga huna pa kwenda. Ni juu au chini. Nilinyanyua baiskeli yangu nikaanza kusukuma, sikumsubiri. Kona tatu nzima nilimsikia nyuma yangu akihema, na sikugeuka. Kwenye kona ya nne nikanywa maji nikamwachia nusu chupa juu ya ukingo.

Ukishamaliza mlima, hewa inabadilika ghafla. Ilula ipo juu ya mita 1,300 hivi na zaidi, na mwezi wa saba upepo wake unakata. Beba sweta. Tuliingia saa nane mchana, soko la nyanya limechangamka, watu wanatusalimia "Kamwene!" na kucheka tulivyojaa vumbi. Hatukuwa tumeongea neno tangu kwenye jiwe.

Baba hakumtazama usoni. Aliitikia shikamoo, akaiendea baiskeli, akaminya tairi, akajaribu breki.

"Kitonga ulipanda au ulisukuma?"

Mwenzangu akanitazama. "Nilisukuma, mzee."

"Gia zote hizi?"

"Zote, mzee. Na kazi pia nimepoteza. Nimeona nikuambie kabla sijaketi."

Mama akashika mdomo. Baba akaendelea kuzungusha pedeli, kama fundi. Kisha akasema mahari haitazungumzwa safari hii, ila keshokutwa ana tenga kumi za nyanya za kuvuna na vijana wake wako msibani. Basi. Ndani, nikapewa mimi kazi ya kumpelekea maji ya kuoga.

Kwa hiyo safari yetu ya siku mbili ikawa ya siku tano. Siku ya tano tulimalizia kipande cha Ilula hadi Iringa mjini, kama kilomita 45, vilima vya kupanda na kushuka visivyotisha. Usipite Lugalo bila kusimama kwenye mnara wa vita. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza pale jeshi la Wajerumani, na kamanda wao Zelewski akafia hapohapo. Mchumba wangu aliketi kivulini muda mrefu, viganja vyeusi kwa utomvu wa nyanya, glovu kaziacha kwa mdogo wangu.

Ipogolo unavuka Ruaha Mdogo, na mji unauona juu ya kilima kama umewekwa kwenye rafu. Tulifika chini ya ule mpando saa kumi. Kabla sijasema chochote, alishashuka, ameshika usukani, anasubiri lori lipite.

"Tusukume," akasema.

Tarehe ya mahari bado haijapangwa. Baba ameuliza kama atakuja tena msimu ujao.